Gari Letu Linauzwa

"Linauzwa gari dogo Volkswagen 1300 la mwaka 1972. Rangi ya maziwa. Limekaa katika familia moja tangu 1976. Linatembea. Kumbukumbu zote za matengenezo zipo. Njoo ulione Nyegezi. Madalali wasihangaike."

Tangazo hilo niliandika kwa mkono wangu mwanzoni mwa Juni 2025, nakala nne: moja ya duka la jirani, moja ya ubao wa matangazo kanisani, na mbili za vijana wetu ili wazipige picha na kuzirusha kwenye simu zao, maana siku hizi ndiko vitu vinakouzwa. Kabla sijazitoa nilimpa baba watoto asome. Aliisogeza karatasi kulia, akaisogeza kushoto, kama anavyosoma kila kitu sasa. Akaomba kalamu. Baada ya neno "linatembea" akaongeza "vizuri sana". Nilimwachia.

Akina mama wenzangu, kuuza gari si jambo kubwa la kuandikia gazeti. Watu wanauza magari kila siku. Lakini tukiwa tunaongea baada ya ibada, nimegundua kwamba nyumba nyingi zina mzee ambaye hapaswi tena kushika usukani, na hakuna anayejua jinsi ya kumwambia. Mke anaogopa, watoto wanaogopa, na mzee mwenyewe anaogopa kuliko wote. Ndiyo maana nimeona nieleze yaliyopita kwetu.

Tulioana mwaka 1975. Mume wangu alikuwa mtaalamu wa pamba, kazi yake Ukiriguru, na mimi nilikuwa na cherehani. Mwaka uliofuata mtafiti mmoja wa nje alimaliza mkataba wake akawa anarudi kwao, akauza gari lake kwa Sh. 16,000/=. Tulichukua mkopo kazini, ukakatwa kwenye mshahara miaka minne. Mshahara ulipokatwa hivyo, chakula na sare za shule zilitoka kwenye cherehani. Nalitaja hilo mapema kwa sababu nitalirudia.

Vijana wa leo wanaliona gari la aina hii kama pambo. Sisi tulilinunua kwa sababu halikuwa na maji. Injini yake iko nyuma, inapozwa kwa upepo wa feni, halina rejeta. Anayeijua Mwanza na vilima vyake vya mawe anafahamu maana yake. Magari ya wenzetu yalikuwa yanachemka kwenye mlima wa Bugando, watu wanashuka na madumu kutafuta maji, na letu linapanda polepole huku likinguruma kama mashine ya kusaga. Watoto wetu waliliita Kobe, kwa ajili ya mgongo wake na kwa ajili ya mwendo wake pia. Walipenda kuwaambia wageni, "Gari la baba halina injini," halafu wanafungua boneti ya mbele, ndani kuna tairi la akiba, tangi la mafuta na mfuko wa viazi tu.

Baba watoto alikuwa na jibu kwa kila aliyelicheka. Alikuwa anamtajia mashindano ya Safari Rally, kwamba Volkswagen ya namna hii ilishinda mwaka 1954, ikashinda 1957, ikashinda tena 1962, kwenye matope yaliyoyamaliza magari makubwa. Miaka hiyo anaitaja haraka kuliko tarehe za kuzaliwa za watoto wake wanne.

Kobe lilifanya kazi nyingi ambazo halikuumbiwa. Lilibeba mbegu za pamba, mabati, maharusi wawili na jeneza dogo la mtoto wa jirani. Lilibeba wajawazito usiku kwenda hospitali. Niliowasindikiza mimi mwenyewe ni saba, na mmoja hakuwahi kufika, akajifungulia kiti cha nyuma tukiwa Mkuyuni. Mtoto yule ni mwalimu sasa. Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na mji wetu, lilizunguka siku tatu kati ya uwanja wa Nyamagana na nyumba za wafiwa, na katika siku hizo sikumsikia mume wangu akiuliza habari ya mafuta.

Nami nilikuwa na sheria zangu. Ya kwanza, samaki wabichi hawapandi. Sisi watu wa ziwani tunajua maji ya samaki yanavyoweza kuoza bati, na sakafu ya Volkswagen ndiyo mahali pa kwanza kuoza. Gari la Mwanza lina bahati, kwani upepo wa ziwa hauna chumvi. Gari la namna hii likikaa Dar es Salaam karibu na bahari, kutu inalila mapema. Lakini ukijitia kubeba sato kila Jumamosi, bahati hiyo unaitupa mwenyewe. Sheria ya pili, gari halioshwi ziwani. Wengine walikuwa wanaingiza magari hadi magurudumu yanazama. Oili inabaki majini ambako watu wanachota, na muoshaji anatoka na kichocho. Sisi tulichota ndoo tukaoshea nyumbani.

Sheria ya tatu ilihusu watoto. Betri ya Volkswagen ile iko chini ya kiti cha nyuma. Kiti kina springi za chuma, na watoto wakirukaruka, springi inaweza kugusa vichwa vya betri, cheche zikatoka na kiti kikawaka. Kuna kifuniko cha kuzuia hilo, na magari mengi niliyoyaona kifuniko kilishapotea. Cha kwetu kilipopasuka nilikata kipande cha mpira wa tairi nikakifunga juu ya betri, nikakikagua kila mwezi kama ninavyokagua masikio ya watoto.

Sasa kuhusu zile kumbukumbu za matengenezo. Mwaka 1979, wakati mume wangu yuko vijijini kwenye msimu wa pamba, nilipeleka gari kwa fundi mmoja nikiwa peke yangu. Akaniambia plagi nne zimekufa, akanitoza za mpya. Mimi nilikuwa nimekwisha sikia habari zake, hivyo kabla ya kwenda nilitia kila plagi kitone cha rangi nyekundu ya kucha. Nilipofika nyumbani nikafungua moja. Kitone kilikuwepo. Nilirudi, sikugombana, nilimwonyesha tu kitone, akanirudishia fedha mbele ya vijana wake. Jioni ile nikachukua daftari la shule la kurasa 96, nikapiga mistari mitano: tarehe, maili, kilichofanyika, bei, nani alikifanya.

Madaftari yamefika saba. Ndani yake mna kila oili iliyobadilishwa, kila platini, kila mara tapeti zilipopangwa. Saa ya mwendo ya Kobe ina tarakimu tano tu. Ikifika 99,999 inarudi sifuri, na mnunuzi mjinga anaweza kudhani gari ni jipya. Daftari linaonyesha ilirudi sifuri mwaka 1985 na mwaka 2009. Hakuna mahali pengine hilo limeandikwa.

Mnaweza kusoma historia ya nchi humo. Mwaka 1979 hiyo hiyo, wakati wa vita na Idi Amin, ndege ya Libya ilikuja kulenga matangi ya mafuta ya Mwanza ikakosa, mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Matangi yalipona, lakini mafuta yenyewe yakawa adimu kwa miaka. Kurasa za 1981 hadi 1984 karibu ni tupu: "Gari limesimama." "Gari limesimama." Zile Jumapili ambazo magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea baada ya saa nane mchana, mchungaji wetu alijifunza kufupisha mahubiri. Mkanda wa feni uliokatika mwaka 1983 ulitafutwa miezi mitano, ukapatikana kwa mtu aliyekwenda Nairobi. Tangu hapo hakuna siku Kobe limetoka bila mkanda wa akiba chini ya kiti, kwa sababu mkanda huo ndio unaozungusha feni, na feni ikisimama injini hiyo haina kingine cha kuipoza. Taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi, unasimama hapo hapo, hata kama ni porini Magu na jua linazama. Tumewahi kusimama hivyo. Niliiona taa mimi, mume wangu akiwa anaeleza habari za viwavi wa pamba.

Mtauliza kwa nini basi nisiliendeshe mwenyewe. Leseni nilichukua mwaka 1988 na nimeendesha sana. Ila nina miaka 71, na goti langu la kushoto halikubaliani tena na klachi.

Basi, tuje kwenye macho.

Dalili zilianza ndani ya nyumba kabla ya barabarani. Alikuwa anagonga kikombe kilichowekwa upande wa kushoto. Alikuwa anajigonga bega mlangoni. Mjukuu akimjia kutoka pembeni anashtuka kana kwamba mtoto ametoka ardhini. Nami nikaona kwenye madigadi ya kushoto ya Kobe mkwaruzo, halafu mwingine, na kwa miaka 40 yeye hakuwa mtu wa kukwaruza gari. Nikauandika daftarini kama kawaida: "Madigadi kushoto, mkwaruzo. Hajui ulipotoka." Nilipousoma mstari huo ulipojirudia mara ya tatu katika miezi minne, nilielewa kwamba gari halikuwa na tatizo.

Kisha ikaja siku ya Buzuruga. Tulikuwa tunatoka Igoma, mwendo wa pole. Kijana mwenye beseni la dagaa kichwani alikanyaga barabara kutoka kushoto, nami nikasubiri breki. Breki haikuja. Nilipiga kelele, akakanyaga, gari likasimama, beseni likaanguka, dagaa wakamwagika juu ya boneti. Kijana alikuwa mzima. Tulimlipa dagaa wake. Mume wangu alikaa na mikono juu ya usukani akasema, "Huyu katokea wapi?" Alikuwa haulizi kwa hasira. Alikuwa hajui kweli.

Tulikwenda kliniki ya macho. Ugonjwa wake ni ule tunaouita presha ya macho. Niwaeleze jinsi ulivyo, kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani mtu anayeanza kupofuka huona giza au ukungu. Presha ya macho haifanyi hivyo. Inaharibu mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, na mara nyingi inaanza kula pembeni. Katikati panabaki pazuri, mtu anasoma gazeti, anahesabu fedha, anatunga uzi kwenye sindano. Haiumi. Ubongo unajaza pembeni kwa kubahatisha, kwa hiyo mgonjwa haoni kwamba haoni. Kilichopotea hakirudi hata kwa upasuaji. Dawa za matone za kila siku, au upasuaji, vinasaidia kulinda kilichobaki. Watu weusi tunaupata zaidi, wenye umri zaidi ya miaka 40 zaidi, na wenye ndugu wa damu mwenye nao zaidi ya wote.

Daktari alisema asiendeshe. Alisema kwa upole na kwa haraka, kwani foleni ilikuwa ndefu. Jumatatu iliyofuata baba watoto akachukua ufunguo akaenda Usagara.

Vijana wetu wawili walipopata habari walipiga simu wote usiku mmoja. Mmoja alitaka nifiche ufunguo. Mwingine alisema angeongea na fundi achomoe waya wa koili, gari lisiwake, na mzee aambiwe limeharibika. Niliwaambia hapana. Baba yao hajawahi kunidanganya kuhusu fedha wala kuhusu safari, na mimi sitaanza kumdanganya akiwa na miaka 78. Zaidi ya hapo, huyo mzee analijua gari lile kwa masikio; angelichungulia nusu saa tu akaurudisha waya mahali pake, halafu asingetuamini tena kwa lolote.

Nilichofanya ni kurudi naye kliniki, na safari hii niliomba niingie ndani. Kuna kipimo ambacho mgonjwa anakaa akitazama mbele tu, vinuru vidogo vinawaka huku na huko, naye anabonyeza kitufe kila anapokiona kimoja. Kinatoka na karatasi. Pale anapoona panakuwa peupe, asipoona panakuwa peusi. Nilimwomba daktari, "Tafadhali, mwonyeshe karatasi, umweleze kama mtaalamu mwenzako. Ni mtu wa utafiti." Daktari yule Mungu ambariki, alivuta kiti. Akamwonyesha jicho la kushoto, nusu ya karatasi nyeusi. Akamwonyesha la kulia.

Mume wangu aliishika ile karatasi muda mrefu. Maisha yake yote alisoma karatasi za namna hiyo, za majaribio ya mbegu, shamba kwa shamba. Akaweka kidole juu ya weusi akauliza, "Mtu akiwa hapa?" Daktari akajibu, "Hapo mzee humwoni." "Na akiwa na beseni kichwani?" Daktari hakuelewa swali, mimi nililielewa.

Tulirudi kwa daladala. Nyumbani alitoa ufunguo mfukoni akautia kwenye kopo la sukari, mahali ninapoweka fedha za matumizi. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Nilipika ugali.

Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu, na sitayarefusha. Mwanamume aliyezoea kupeleka watu hapendi kupelekwa. Alikataa lifti za jirani. Asubuhi alikwenda kuliwasha gari, analiacha lingurume dakika kumi, analizima. Nilimwacha mwezi mzima. Halafu siku moja nikaketi naye pale pale gereji nikamwambia, "Baba, gari lisilotembea linakufa. Petroli inachacha, mipira inakauka, panya wanakula waya. Wewe ndiye uliyenifundisha. Tunataka life mikononi mwetu?" Akasema, "Una mteja?" Nikasema, "Bado. Ninalo daftari."

Tuliongea pia habari ya fedha, wazi, kabla ya mnunuzi yeyote kuja. Matone ya macho hayaishi. Mjukuu wetu anasoma uuguzi na ada yake ilikuwa na deni la muhula. Tukakubaliana bei ya juu na bei ambayo hatushuki chini yake, na nani atazungumza. Nawashauri wenye jambo kama hili wafanye hivyo. Mnunuzi mzoefu anaponusa kwamba mume na mke wana bei mbili, ameshashinda.

Kadi ya gari ina jina lake peke yake. Tulipokuwa tunatayarisha mkataba kwa wakili, yeye mwenyewe akasema waandike wauzaji wawili. Wakili kijana akasema si lazima. Mume wangu akamwambia, "Andika. Mkopo ulikatwa kwangu, lakini tulikula kwake." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuishika na kuiuza. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu waliokuwa wameachana, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa mama yule mwenyewe mwishowe hakuambulia kitu katika rufaa ile. Sisi hatukuwa tunaachana. Ila ni vizuri mwanamke kujua kwamba kupika miaka 49 kuna hesabu yake.

Wanunuzi wakaja. Wa kwanza alikuwa dalali, licha ya tangazo. Alipiga teke tairi, akaongea na baba watoto tu kana kwamba mimi ni mti, akasema Sh. 2,500,000/= kwa sababu "hili ni chuma chakavu, mzee wangu." Alipewa maji ya kunywa akaaga. Wa pili alikuwa mstaarabu na mwenye fedha. Alitaka kukata paa, aweke maua, akodishe kwa maharusi. Bei yake ilikuwa nzuri. Mume wangu alinitazama, au alitazama upande niliko, nikaona taya yake inavyokaza. Nilimwambia yule bwana tutafikiri. Usiku tulifikiri kweli, maana ada ya mtoto haingojei huruma ya gari. Tukaamua kumpa majuma mawili Mungu alete mwingine, na asipoleta, basi paa likatwe.

Wa tatu walikuja mume na mke, vijana, wametoka Bukoba. Bwana alikwenda moja kwa moja nyuma ya injini. Mkewe alisalimia, "Shikamoo mama, shikamoo baba," akaniuliza, "Hizo kumbukumbu zilizoandikwa kwenye tangazo ziko wapi?" Nikaleta madaftari saba. Aliketi kwenye mkeka akayasoma, si kwa kupitisha macho, akayasoma. Alifika kwenye ile mikwaruzo mitatu. Akanyanyua uso. Nikamweleza yote, Buzuruga na dagaa na karatasi ya daktari. Sikuona sababu ya kuficha. Mnunuzi anayejua kwa nini gari linauzwa hatafuti sababu ya kubuni.

Akamwita mumewe akamwambia, "Baba Junia, usihangaike na tochi. Kila kitu kiko humu." Kisha akafanya kazi yake ya kupunguza bei, na aliifanya vizuri, kwa kutumia madaftari yangu mwenyewe: breki za nyuma hazijabadilishwa tangu 2019, sakafu ya upande wa betri imechomelewa mara mbili. Tulianzia Sh. 11,000,000/=. Tukafungia 9,200,000/= na madaftari yanakwenda na gari.

Kabla ya kutia sahihi walitaka kulijaribu. Baba watoto akaomba jambo moja, waliendeshe hadi Kigongo. Daraja la J. P. Magufuli lilikuwa limefunguliwa tarehe 19 Juni na yeye alikuwa hajalivuka. Kwa miaka mingi Kobe lilikuwa limesimama kwenye foleni ya kivuko pale, likienda Sengerema kwetu, saa mbili, saa tatu, watoto wanalia, mahindi ya kuchoma yanaisha. Kijana aliendesha, mume wangu akakaa mbele, sisi wanawake tukakaa nyuma juu ya betri na kifuniko changu cha mpira. Kilomita tatu juu ya maji, dakika chache tu. Njia nzima mzee alikuwa anamfundisha: "Gia ya pili usiilazimishe. Sikiliza. Hapo. Sasa." Upande wa Busisi tukageuza, tukarudi.

Umiliki ulihamishwa TRA juma lililofuata. Deni la ada likalipwa siku ileile, dawa za miezi sita zikanunuliwa, zilizobaki ziko benki kwa majina yetu wawili. Matone anatiwa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Nina daftari la nane, lina mistari mitatu: tarehe, saa, jicho. Mke wa yule kijana hupiga simu gari likitoa mlio asioujua, huuweka mlio kwenye simu, na mume wangu husikiliza amefumba macho halafu humwambia ni nini.

Daktari alisema watoto wetu wote wapimwe kwa sababu ya damu. Watatu wamepimwa. Wawili wako salama, binti wa pili ameanzishiwa matone, naye alikuwa haoni dalili yoyote. Wa nne yuko Dar es Salaam, anasema kazi zimembana. Anakuja likizo Desemba, na tarehe ya kliniki nimekwisha mchukulia.